Nimeona mnyama, nimempiga picha. Sasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa friji hapa Tanga. Wanyama, wadudu na mimea ni mapenzi tu, hayanilipi hata senti. Ila simu yangu imejaa vinyonga kuliko picha za harusi, na watu wakishajua hilo hawakuachi. Majibu yale yale nimeyaandika usiku mara nyingi mno, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Pale nilipo na msimamo wangu utauona.

Mimi si mtaalamu. Nilichokiona mimi kitamsaidia nani?

Sikiliza kisa cha sufuria. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye milima ya Udzungwa. Ndani ya sufuria ya kitoweo wakaona jozi ya miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kumbe ni ndege wa jamii ya kwale ambaye sayansi haikuwa na habari zake. Aliandikwa rasmi mwaka 1994 kwa jina la *Xenoperdix udzungwensis*. Aliyemtia sufuriani, nadhani, alimwona ni mboga tu.

Kipunji naye ni hivyo hivyo. Wawindaji wa kuzunguka mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyo kwa jina lake, na ni masimulizi yao yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe (jenasi ni kundi la aina zilizo karibu kiukoo), ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Jina lake la kisayansi ni *Rungwecebus kipunji*: mlima umo, na neno la wenyeji limo.

Lakini usikae ukingoja maajabu. Rekodi ninazozipenda zaidi ni za viumbe wa kawaida kabisa. Mchukue kunguru wa Zanzibar, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Unguja kutoka Asia miaka ya 1890 ili ale takataka, na kutoka hapo akasambaa pwani yote. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Sasa, nani atakayetuambia kunguru huyu amefika mji gani wa bara, na lini? Ni yule anayesubiri basi stendi, akamwona mmoja juu ya paa, akampiga picha. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe kama aliyevaa fulana. Ukiona shingo ya kijivu bila kifua cheupe, huyo ni mgeni.

Nianze na programu gani?

Kwa kila kitu kilicho hai, iNaturalist. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilo la faida. Unaweka picha au sauti, mahali na tarehe, na watu wa dunia nzima wanakusaidia jina. Rekodi zilizothibitishwa huenda kwenye hazina kubwa ya takwimu iitwayo GBIF, yenye makao Copenhagen, na watafiti huzichota huko.

Kwa ndege kuna eBird ya chuo kikuu cha Cornell, Marekani, iliyoanza mwaka 2002. Hii haitaki picha ya lazima. Inataka orodha: umetembea wapi, kwa muda gani, umeona ndege gani na wangapi. Uzuri wake ni kwamba ukiorodhesha kila ndege uliyemtambua, hata yule ambaye hakuonekana anakuwa taarifa. Walio Kenya wana pia Kenya Bird Map, iliyoanza 2013. Nchi imegawanywa kwa viboksi vya kama kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inadai uzunguke kiboksi chako kwa saa 2 au zaidi. Rekodi unaziingiza kwa programu ya BirdLasser.

Ukiniuliza mimi, anza na moja tu. Nimewaona watu wanaopakua nne siku moja, na baada ya wiki mbili hawana hata moja.

Bando likiisha nikiwa porini?

Piga picha, hifadhi, endelea na safari. Utapandisha ukifika nyumbani. GPS ya simu haili bando.

Picha nzuri ni ipi?

Picha nzuri na picha yenye faida ni vitu viwili tofauti. Picha yenye faida ni ile inayojibu maswali ya mtu ambaye hakuwepo.

Kipepeo ana pande mbili, na mara nyingi upande wa chini wa mabawa ndio wenye jibu. Piga akiwa amefungua, kisha subiri afunge. Uyoga ukipigwa kwa juu tu ni kofia tu: shusha simu chini kabisa, tuone mikunjo myembamba iliyo chini yake. Mmea unadai jani kwa pande zote mbili, jinsi majani yanavyopangana kwenye tawi, ua, tunda kama lipo, na gamba la shina. Ndege, jitahidi upate mdomo na miguu. Kerengende, ubavuni na kwa juu. Kama kitu ni kidogo, weka sarafu au kalamu pembeni yake.

Vinyonga nina siri yao. Nenda usiku na tochi. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga ukimpiga anang'aa kwenye kichaka kama karatasi iliyosahauliwa. Kule Amani, kwenye Usambara Mashariki, nimewahi kutembea mchana kutwa bila kuona hata mmoja, halafu baada ya chakula cha usiku nikawahesabu saba kwenye ua wa nyumba tuliyofikia. Piga pua na pembe kwa ubavu, kisha kichwa kwa juu. Usimshike wala usimwondoe kwenye tawi lake ili apate pozi. Na wale mnaowaogopa mkiamini ni mkosi, niwaambieni: wataalamu walipotenga jenasi mpya ya vinyonga wa milima yetu mwaka 2006, waliiita *Kinyongia*. Neno letu hilo, limeingia kwenye vitabu vya dunia nzima.

Simu yangu ni ya kawaida, ndege anatoka nukta nyeusi.

Nukta nyeusi yenye umbo la mkia inaweza kutosha. Nimeshatambuliwa mwewe kwa mkia wake wenye panda, na picha ilikuwa aibu.

Zaidi ya hapo, una masikio. Rekodi sauti. Dudumizi anayeita mvua, wengine humwita tipitipi, husikika mara kumi kabla hujamwona mara moja, na sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa haifanani na ya ndege mwingine yeyote wa mtaani kwangu. Kwa komba sauti ndiyo kila kitu. Komba wadogo wa misitu ya pwani wanafanana sana kwa sura, hata wataalamu huwatenganisha kwa milio. Komba mdogo wa Rondo, ambaye yumo hatarini, yupo hata kwenye msitu wa Pugu, nje kidogo tu ya Dar es Salaam. Ukiwa huko usiku ukasikia mlio usioujua, acha simu irekodi dakika mbili nzima na unyamaze. Rekodi nyingi ninazotumiwa zina "sssh! sikia, sikia" juu yake.

Nimetumiwa picha kwa WhatsApp. Naweza kuiweka?

Kwanza, si yako. Mwenye picha aiweke mwenyewe, au akupe ruhusa na uandike kwamba ni yake. Pili, WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za mahali zilizofichwa ndani yake, kwa hiyo hata tukisema ni nzuri, haijui ilikopigwa. Mwombe aliyekutumia airudie kama dokumenti, si kama picha. Hapo taarifa zake hubaki.

Na kama ni ile picha ya nyoka mwenye vichwa saba inayozunguka kila masika, tafadhali usinitumie.

Kwa nini wataalamu wanasema bundi wangu ameonekana mchana?

Kwa sababu umeandika saa ya Kiswahili. Umemwona saa 2 usiku, ukaandika 2:00, na programu ikaelewa ni saa 8 usiku wa manane, au mbaya zaidi saa 8 mchana. Saa 2 usiku andika 20:00. Saa 12 asubuhi andika 6:00. Kosa hili ni letu, watu wa lugha hii, na limeharibu orodha nyingi za eBird kuliko macho mabovu. Simu ikipiga picha huandika saa yenyewe. Ukijaza kwa mkono ndipo uwe makini.

Jina la Kiswahili ninalijua vizuri. Kilatini cha nini?

Jina la Kiswahili liandike, tena liandike pamoja na mahali ulipolisikia. Yapo majina ya wazee ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, na sehemu ya maelezo kwenye rekodi yako ndipo pa kuyaweka.

Tatizo ni kwamba majina yetu husafiri na kubadilika njiani. Ngedere wa mkoa huu ni tumbili wa mkoa ule. "Paka wa porini" nimeoneshwa mondo, nimeoneshwa kanu, nimeoneshwa fungo, na wawili wa mwisho si paka kabisa. Fisi maji si fisi. Mnana na kwera ni majina ya makundi mazima ya ndege, na ndani yake mna aina nyingi. Sange watu humwita panya mwenye pua ndefu, wakati kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya. Na usicheke, kwa sababu hata sange hatujawamaliza: yule mkubwa mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa alinaswa na kamera za kutegwa mwaka 2005, na akaandikwa rasmi 2008.

Jina la Kilatini lina sehemu mbili, kama jina la ukoo na jina lako, ila la ukoo linatangulia. Mtu wa Kisumu na mtu wa Muscat wakiandika *Corvus splendens*, wote wanamsema kunguru mmoja. Kazi yake ni hiyo tu. Huhitaji kulitamka vizuri, mimi mwenyewe silitamki vizuri.

Programu imenipa jina papo hapo. Niliamini?

Liamini kama unavyomwamini kijana wa bodaboda mgeni mjini: atakufikisha mtaa, nyumba uliza mwenyewe.

Kompyuta imejifunza kutokana na picha zilizokwisha kuwekwa, na nyingi zimetoka Marekani na Ulaya. Sisi tuna picha chache, kwa hiyo mende wako wa Korogwe anaweza kupewa jina la mende wa Texas kwa ujasiri kamili. Kabla hujabofya, angalia ramani ya aina hiyo. Kama nukta zote ziko ng'ambo ya bahari, rudi nyuma hatua moja au mbili: badala ya aina, chagua jenasi, au familia, au hata "wadudu" tu. Jina pana lililo sahihi ni bora kuliko jina finyu lililokosea, maana la kukosea huenda likaishi miaka.

Halafu kuna viumbe wanaobadili nguo. Kipepeo *Precis octavia* akitoka pupani wakati wa mvua ni mwekundu wa machungwa, akitoka kiangazi ni buluu. Ni mmoja huyo huyo. Mnana dume anayewaka njano wakati wa kujenga viota, msimu ukipita anafifia hadi unamdhania jike. Mjusi dume mwenye kichwa cha rangi kali anaishi ukuta mmoja na majike ya kijivujivu, na watu huwaandika aina mbili. Tarehe na jinsia huokoa mambo mengi hapo.

Rekodi kufika daraja la utafiti ni nini, na yangu imekwama wapi?

Kwenye iNaturalist rekodi hufika daraja hilo ikiwa na ushahidi (picha au sauti), tarehe, mahali, kiumbe awe wa porini, na watu zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wakubaliane kwenye aina. Mara nyingi wewe na mtu mwingine mmoja mnatosha.

Ikikwama, kagua kwanza vitu vidogo. Tarehe hakuna? Nukta ya ramani imeanguka baharini? Kamera yako ilizima betri ikarudi mwaka 2015?

Lipo jambo moja la kwetu. Mtu mkubwa au mwenye cheo akitoa jina, vijana wanabofya "nakubali" kwa heshima. Usibofye. Kukubali maana yake wewe mwenyewe ungeweza kumtambua hata kama yeye asingesema. Kama huwezi, sema asante kwenye maoni na uliache jina lako lilipo. Heshima hiyo inatosha, na rekodi inabaki safi.

Mtu amenisahihisha hadharani. Nimedhalilika.

Pole. Mimi nilidhalilika zaidi, ngoja nikusimulie.

Miaka michache nyuma, kwenye njia ya shamba huko Muheza, niliona nyayo kubwa kwenye tope la asubuhi. Moyo ulidunda. Nikazipiga picha, nikaweka: chui. Rafiki zangu wawili wakakubali dakika hiyo hiyo, mmoja akaongeza moto na makofi. Jioni mtu nisiyemjua akaandika mstari mmoja: "Mbona kucha zinaonekana?"

Nikakuza picha. Mbele ya kila kidole palikuwa na kitobo kidogo, kizuri, cha kucha. Chui huficha kucha zake anapotembea. Nikaangalia na kisigino: cha paka huwa na mawimbi matatu nyuma, cha mbwa mawili. Changu kilikuwa na mawili. Siku iliyofuata nilipita tena pale, na mwenye nyayo alikuja mwenyewe kunilaki akitingisha mkia. Mbwa wa mwenye shamba, na ni kweli ni mkubwa.

Rekodi sikuifuta. Nilibadilisha jina, na bado ipo. Siku hizi nikiona nyayo natafuta kucha kwanza, naweka kalamu pembeni kwa kipimo, ndipo moyo nauruhusu udunde. Angalizo kwa walio mbugani: duma ni paka, lakini kucha zake huonekana.

Nyayo, kinyesi, kiota, mzoga: vinakubalika?

Vyote. Hata aliyegongwa barabarani. Mzoga usiuguse kwa mkono, hasa popo na mnyama aliyekufa bila jeraha. Kimeta na kichaa cha mbwa havina mzaha.

Kuna nyoka ndani ya ua. Mnaweza kumtambua haraka?

Picha piga ukiwa mbali, ukiwa na njia ya kurudi nyuma. Kisha toa watoto, na muache apite au mwite anayejua kuwaondoa.

Mtaani kwangu kila nyoka mrefu ni koboko na kila anayeinua kichwa ni swila. Koboko halisi si mweusi: mwili wake ni wa kijivu au kahawia, weusi umo kinywani. Wale wa kijani kwenye miembe, mikorosho na minazi ya pwani ndio wanaonipa kazi, maana yupo nyoka aitwaye mamba wa kijani, mwenye sumu kali, na wapo nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara yoyote, na picha ya mbali haiwatenganishi kwa uhakika.

Kwa hiyo sikia: mtu akiumwa, usitume picha kwangu wala kwa mtu yeyote kwanza. Hospitali, mara moja. Asitembee kama anaweza kubebwa, msimchane, msimfunge kamba kwa nguvu. Usimkimbize nyoka ili umpige picha, utatuletea wagonjwa wawili. Jina tutalitafuta baadaye.

Na kama ameshauawa kabla hujafika, bado ni rekodi. Piga kichwa, mgongo na tumbo, lakini kwa kijiti: kichwa cha nyoka aliyekufa kinaweza kuuma.

Niweke mahali halisi nilipomwona?

Mara nyingi ndiyo. Rekodi iliyoandikwa "Tanzania" tu ni kama barua bila anwani. Ila wapo viumbe ambao mahali pao ni siri ya kulinda.

Kifaru: zima mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha. Kakakuona: usiseme hata kata, wala usimsimulie konda wa gari. Kobe na vinyonga wa milimani husakwa na wanaowauza nje. iNaturalist huficha yenyewe viumbe wengi walio hatarini. Nukta yao hurushwa popote ndani ya eneo la kama kilomita 22 kwa 22. Unaweza pia kuficha kwa mkono rekodi yoyote. Lakini angalia picha yenyewe inasema nini. Niliwahi kuona rekodi iliyofichwa vizuri, na nyuma ya mnyama linasomeka bango la jina la kijiji.

Wa kwetu hasa ni bundi. Ukitangaza kiota cha bundi kwenye mwarobaini wa nyuma ya msikiti au shule, kuna mtu atakuja na jiwe, kwa sababu ameambiwa bundi ni mchawi au mleta msiba. Kiota cha bundi naficha siku zote, mpaka makinda yatakaporuka.

Kuna jambo lingine nalo: shamba la mtu ni la mtu. Uliza kabla hujatangaza kwamba kwa Mzee fulani kuna ndege adimu na wageni wakaanza kupanda boma lake.

Naweza kuokota unyoya, ganda au fuvu niende nalo nyumbani?

Hapana. Kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe, jino, ngozi, mfupa, hata unyoya na yai kuwa nyara, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa. Kenya ina sheria yake ya 2013, nayo ni kali. Nia yako njema askari haioni. Piga picha palepale, uache palepale.

Nacheza sauti ya ndege kwenye simu, anakuja karibu kabisa. Kuna ubaya?

Anakuja kwa sababu anadhani mwenzake amemvamia. Anaacha kulisha, anaacha kiota, anapigana na simu yako. Mara moja kwa sekunde chache, nitanyamaza. Msimu wa kutaga, usifanye kabisa. Waongoza wageni wanaorudia mlio ule ule kwa ndege yule yule kila asubuhi, mnanisikia.

Na sisi wa baharini?

Ninyi mna hazina kuliko sisi wa nchi kavu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na madinosari hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, tangu 2003 amekuwa akinaswa kwenye majarife ya wavuvi wa hapa kwetu, na ndiyo sababu Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Ukimpata, pima urefu, piga ubavu mzima pamoja na mapezi, andika kina cha maji na eneo, kisha wape taarifa watu wa hifadhi.

Nguva ni adimu mno. Kwa Tanzania eneo lake kubwa ni majani ya bahari kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Mzee mmoja wa Kilwa, baharia tangu utoto, nilimwonesha picha ya nguva kwenye simu nikamuuliza kama amewahi kumwona.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu akivuta pumzi unamsikia kabla hujamwona. Wa mwisho nimemsikia mwaka ule wa mvua kubwa."

Mwaka gani, Mzee? Hakukumbuka. Kwa hiyo wavuvi, ombi langu ni moja: andika tarehe, hata kwa mkaa ubavuni mwa chombo.

Papa potwe wa Mafia, wanaokuja pale Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, hutambuliwa mmoja mmoja kwa madoa yao, kama alama za vidole. Picha inayotakiwa ni ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Usimguse, usimzibie njia.

Nimeona ndege mwenye pete mguuni, na kasa mwenye kibati.

Soma namba na maandishi yote, yapige picha, na upeleke taarifa kwenye anwani iliyoandikwa. Aliye hai asivuliwe pete. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamiaji wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, kwa hiyo usishangae ndege wa bustanini kwako akiwa na safari ndefu kuliko yako.

Mbuzi wa jirani, tausi wa hoteli, mwembe wetu?

Unaweza kuweka, ila tia alama kwamba wamefugwa au kupandwa. Anayeuliza swali hili huwa ni mtoto, na jibu langu kwake ni: anza na mijusi ya ukutani.

Rekodi yangu ina mwaka mzima na hakuna aliyejibu.

Ndege hujibiwa kwa saa. Nondo, buibui na kumbikumbi wana wataalamu wachache, tena wenye foleni ndefu. Isogeze karibu nao: usiiache kwenye "kiumbe", ipeleke "nondo" au "buibui", maana wengi huchuja kwa makundi. Ongeza mmea aliokuwa amekaa juu yake.

Nina nondo mmoja wa kijani, wa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, aliyekuja kwenye taa ya baraza langu. Alikaa bila jina miaka miwili. Mwezi uliopita hatimaye mtu akajibu, kwa upole sana, akaomba picha ya upande wa chini wa mabawa. Sikuupiga.